Jinsi ya Kupima Kasi Yako ya Mbio Fupi Bila Kujidanganya, Kisha Kuiongeza

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, salamu yenyewe akaimeza nusu. "Shikamoo mjomba, leo nimekimbia mia kwa 11.2!" Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza mambo matatu: saa alishika nani, alisimama wapi, na hiyo mia mliipima kwa kitu gani? Akanyamaza kidogo. Saa alishika rafiki yake, akasimama kwenye mstari wa kumalizia. Mia waliipima kwa miguu ya huyo huyo rafiki, hatua mia moja "ndefu ndefu".

Wiki iliyofuata nilikwenda na tepu. Zile hatua mia moja zilikuwa mita 97.40. Mita 2.60 zilizopotea, kwa mtu anayemaliza mbio akienda kama mita 9 kwa sekunde, ni sekunde 0.29. Nikaendelea kuchimba. Aliyeanzisha mbio aligonga vibao viwili vya mbao, na rafiki kule mwisho akabonyeza saa aliposikia mlio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio ulimfikia sekunde 0.29 baada ya mbio kuanza. Weka na sekunde 0.2 za kidole kushtuka. Mwishoni kidole hakishtuki, kwa sababu jicho linamwona mtu anakuja na kidole kinamngoja, mara nyingine kinamtangulia. Nikajumlisha yote juu ya 11.2, nikapata 11.98. Siku kumi baadaye kijana akaingia mashindano yenye saa ya umeme, isiyongoja kidole cha mtu: 11.94. Alininunia siku mbili, utadhani mimi ndiye niliyemwibia zile sekunde.

Simcheki. Mimi mwenyewe nilikimbia mita 200 kwa miaka tisa, na daftari langu la enzi hizo limejaa namba za uongo. Sasa nafundisha kikundi kidogo cha vijana, na kazi yangu ya kwanza kwa kila anayekuja ni kumpokonya namba yake ya zamani na kumpa ya kweli. Bila namba ya kweli hutajua zoezi lipi linakufaa na lipi linakuchosha bure. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kupima kabla ya kufika kwenye mazoezi.

Umbali kwanza

Tumia tepu ya mita 30 au 50, ivutwe ikaze, ilale chini, isipite juu ya nyasi ndefu. Weka alama za kudumu, misumari midogo iliyozama au rangi, ili kesho usipime upya. Hatua za mtu si kipimo. Hata gurudumu la kupimia hudanganya likiruka kwenye mashimo. Saa ya mkononi yenye GPS nayo iache nyumbani: nyingi husoma mahali ulipo mara moja kwa sekunde, na ndani ya sekunde hiyo wewe umeshakwenda mita nane au tisa. Kwa mbio ndefu inafaa sana. Kwa mita 30 ni pambo.

Ukiwa na stopwochi tu

Stopwochi bado ina kazi yake kama unajua kilema chake. Anayeanzisha mbio ashushe mkono au kitambaa, na mwenye saa aanze kwa kuona, asingoje kusikia. Zamani waamuzi walianza saa kwa moshi wa bastola kwa sababu hiyo hiyo. Mwishoni simama sawasawa na mstari, na usimamishe saa pale kifua kinapokata mstari. Kichwa, mkono au mguu havihesabiki. Wakiwepo wapimaji watatu, chukua namba ya katikati. Kisha panda juu hadi sehemu ya kumi: 11.21 inaandikwa 11.3. Wengi hukasirika wakisikia hivyo, lakini kanuni za riadha ndivyo zinavyotaka kwa saa ya mkono. Ukitaka kuilinganisha na saa ya umeme, desturi ni kuongeza 0.24 kwenye mita 100.

Kwa mita 10 au 20, stopwochi haifai hata kidogo. Kosa la kidole ni kubwa kuliko maendeleo ya miezi mitatu. Hapo ingia kwenye simu.

Simu, nguzo mbili na hesabu kidogo

Simu nyingi za sasa hupiga video ya mwendo wa polepole kwa fremu 120 au 240 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video. Kwa fremu 240, kila fremu ni sekunde 0.0042, na hakuna kidole cha binadamu kitakachokaribia hapo. Video ya kawaida ya fremu 30 ina hatua za sekunde 0.033, hiyo ni afadhali ya stopwochi, lakini si kwa mita 10.

Usisome muda unaoonyeshwa chini ya video. Video ya fremu 240 ikichezwa kwa fremu 30, sekunde moja inageuka sekunde nane. Hesabu fremu zenyewe, kwa programu yoyote inayosogeza video fremu moja moja. Na kabla ya kuiamini simu yako, ijaribu: weka stopwochi inayotembea kwenye kioo cha simu nyingine, irekodi sekunde kumi, kisha hesabu. Baadhi ya simu hupunguza fremu mwanga ukififia, na hazikuambii.

Kosa lililonigharimu mimi lilikuwa la pembe. Nilikuwa nikipima mita 10 ndani ya mbio: simu imesimama pembeni, mita 10 kutoka kwenye mstari anaokimbilia mtu, usawa wa katikati ya eneo. Nguzo mbili nilizichomeka mita 10 mbali moja na nyingine, lakini nilizileta mita 1 upande wa simu ili zisimgonge mkimbiaji. Nilipima hivyo majira mazima. Baadaye nikachora pembetatu kwenye karatasi, nikatamani kuichana: kwa jinsi simu ilivyoona, nguzo zile zilikuwa zinakata mstari wa mkimbiaji kwenye mita 11.1, si 10. Watu wangu wote walionekana wazembe kwa zaidi ya asilimia 10, na nilikuwa nimeshawapa mazoezi ya kutibu ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Dawa ni rahisi. Simu ikiwa mita 10 kutoka mstari wa mkimbiaji, na nguzo zikiwa mita 9 kutoka simu, sogeza kila nguzo nusu mita kuelekea katikati. Zitakuwa mita 9 mbali moja na nyingine, na jicho la simu litaona mita 10 kamili pale anapopita mtu. Ukibadilisha umbali, hesabu ni ile ile: mita 5 za nusu eneo, mara umbali wa nguzo kutoka simu, gawanya kwa umbali wa mkimbiaji kutoka simu, unapata umbali wa kila nguzo kutoka katikati. Simu iwe juu ya kitu kisichotikisika. Usimpe mtu aishike, hata akiapa kwamba mkono wake ni jiwe.

Kisha chagua sehemu moja ya mwili. Mimi natumia kifua. Fremu ambayo kifua kinagusa nguzo ya kwanza, fremu ambayo kinagusa ya pili, toa. Mpwa wangu siku ya kwanza alipata fremu 254. Gawanya kwa 240: sekunde 1.058. Mita 10 gawanya kwa 1.058 ni mita 9.45 kwa sekunde, na ukizidisha kwa 3.6 unapata kilomita 34 kwa saa. Kilomita kwa saa ni za kujisifia tu. Daftarini naandika fremu na sekunde.

Vipimo ninavyoandika

Viko vitatu, na viwili kati yake ndivyo vyenye kazi kila mara.

Cha kwanza ni mita 30 kutoka kusimama. Mguu mmoja mbele, hakuna kujitikisa, hakuna amri. Mtu anaondoka akiwa tayari. Muda unaanza fremu ambayo mguu wa nyuma unaacha ardhi. Hapa simu inasimama kwenye mwendelezo wa mstari wa kumalizia. Chomeka nguzo mbili juu ya mstari huo, moja kila upande wa njia ya mkimbiaji. Zikionekana zimefunikana kuwa moja, simu iko sawasawa kabisa. Kisha mtu anaigeuza taratibu kumfuata mkimbiaji tangu mwanzo. Kuona mguu ukiinuka kunawezekana kwa pembe yoyote, na mwishoni nguzo zinasema kweli.

Cha pili tunakiita kumi ya kasi. Mtu anakimbia mita 30 kujenga mwendo, anaingia eneo la mita 10 akiwa ameshafika juu, anatoka, anapunguza taratibu. Mpe angalau mita 30 za kupunguzia. Nimeona vijana wakifunga breki kwenye nguzo ya pili kwa kuogopa ukuta, na namba zao zote zilikuwa za woga.

Cha tatu ni mita 100 yenyewe, au 60, na hiyo mimi huipima mara chache, kama mara moja kila wiki sita. Mia ya kasi kamili inachosha mwili kwa siku kadhaa na inakuambia umechelewa wapi kwa sauti ndogo sana.

Kila kipimo rudia mara tatu, pumzika dakika tano katikati, andika zote tatu. Usiandike iliyo nzuri peke yake. Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ndiyo inayokuambia kipimo chako kinayumba kiasi gani. Kama siku moja unapata fremu 252, 254, 255, basi wiki ijayo ukipata 253 hujaongeza kitu. Viatu viwe vile vile, ardhi ile ile, na ikiwezekana saa ile ile ya siku.

Upepo ni mwizi mwingine, ila huyu wakati mwingine anakupa cha wengine. Upepo wa nyuma wa mita 2 kwa sekunde humpunguzia mkimbiaji mzuri takriban sekunde 0.1 kwenye mia, na ndiyo maana rekodi haikubaliwi ukizidi hapo. Huna chombo cha kupima upepo? Funga uzi mwembamba kwenye fimbo. Uzi ukilala upande, ngoja utulie, au kimbia kumi ya kasi mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, uchukue wastani.

Namba zinasema nini

Usain Bolt alipokimbia 9.58 Berlin tarehe 16 Agosti 2009, mbio ile iligawanywa kila mita 10. Ya kwanza ilichukua 1.89, ikiwemo 0.146 ya kuitikia mlio. Baadaye vipande vikaendelea kupungua hadi kile cha kati ya mita 60 na 70, kilichochukua 0.81. Halafu 0.82, 0.83, 0.83. Yaani hata yeye alikuwa akipungua mwishoni. Yule unayemwona "anaongeza gia" mita 20 za mwisho, mara nyingi ni mtu anayepungua polepole kuliko wenzake.

Mita 30 za kwanza alitumia 3.78, na 70 zilizobaki 5.80. Mpwa wangu alikuwa na 4.18 kwenye mita 30 zetu zisizo na amri. Ukimtoa Bolt 0.146 ya kuitikia, anabaki na 3.63. Hapo kijana yuko nyuma kwa asilimia 15. Sasa chukua 11.94 yake, toa 4.18, toa kama 0.18 ya kuitikia mlio: mita 70 zilizobaki alitumia 7.58. Hapo yuko nyuma kwa asilimia 31. Na mwaka mzima alikuwa akifanya nini? Kuanza. Kila jioni, kuinama, kuondoka, mita 15, kurudi. Alikuwa anapiga msasa upande wa meza uliokwisha kulainika.

Hesabu nyingine ninayoipenda: ukipunguza sekunde 0.03 kwenye kumi ya kasi, na mwendo huo ukaubeba mita 70, umepata kama sekunde 0.2 kwenye mia. Hakuna kuanza kutakakokupa hiyo.

Lakini usichukue dawa ya mpwa wangu ukainywa wewe. Kuna binti mmoja kwenye kikundi ambaye kumi yake ya kasi ni 1.13 na mita 30 zake ni 4.75. Mwendo wake wa juu ni mzuri kwake, ila anafika juu kwa kuchelewa. Huyo ndiye tuliyempeleka kwenye mteremko.

Video hiyo hiyo ina habari zaidi. Hesabu fremu kuanzia mguu wa kushoto unapogusa chini hadi unapogusa tena: hizo ni hatua mbili. Mpwa alipata 112, yaani sekunde 0.467, yaani hatua 4.29 kwa sekunde. Gawanya 9.45 kwa 4.29: kila hatua ni mita 2.20. Kisha hesabu fremu ambazo mguu uko chini. Zake zilikuwa 27, sekunde 0.11 na ushee. Wakimbiaji wakubwa wakiwa kwenye kasi ya juu hukaa chini kwa kama sekunde 0.09. Hapo tukajua anakaa chini mno, na hatukuwa na haja ya kubishana.

Kuongeza

Watu hudhani mwenye kasi ni yule anayezungusha miguu upesi hewani. Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba muda wa kuurudisha mguu mbele hautofautiani sana kati ya wakimbiaji wa haraka na wa polepole. Kinachotofautiana ni nguvu ya kuipiga ardhi. Mwenye kasi anaisukuma ardhi kwa nguvu zaidi kwa muda mfupi zaidi. Ukishalielewa hilo, nusu ya mazoezi unayoyaona vijana wakifanya utayaacha.

Sharti la kwanza, nalo ndilo gumu kuwauzia vijana: kasi hufunzwa mwili ukiwa mpya. Ukikimbia mita 60 mara kumi na kupumzika dakika moja moja, umefanya zoezi la pumzi. Mimi natumia kipimo kinachojulikana kwa makocha wengi, dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10 ulizokimbia kwa kasi kamili. Mita 30, dakika tatu. Mita 60, dakika sita. Vijana huona aibu kukaa muda mrefu hivyo, wanaona kama wanafanya uvivu mbele za watu. Waache waone aibu. Nguvu ya haraka iliyo ndani ya msuli inahitaji dakika hizo kurudi, na haibembelezwi.

Sharti la pili ni la kuacha. Ukiwa unapima, unajua lini umalize: namba ikiharibika kwa asilimia 3 kuliko bora ya siku hiyo, vaa suruali yako uende nyumbani. Kwa mpwa wangu hiyo ni fremu 7 au 8. Jumla ya mita za kasi kamili kwa siku haizidi 300 au 400 kwangu, na kati ya siku moja ya kasi na nyingine ziwepo saa 48, afadhali 72.

Siku ya zoezi la kumi ya kasi tunapasha mwili moto dakika 25: mbio za taratibu, kuinua magoti, kuruka ruka kwa mguu mmoja mmoja, kisha mikimbio mitatu inayopanda mpaka karibu na kasi kamili. Baada ya hapo mara tano au sita tu: mita 30 za kujenga, mita 10 hadi 20 za kasi kamili. Maneno ninayompa mtu ni machache. Simama mrefu. Piga chini, chini ya nyonga. Legeza mashavu. Hilo la mashavu linawachekesha, ila tazama video ya mtu aliyeuma meno: mabega yamepanda masikioni, mikono inakata kifua, na fremu zimeongezeka.

Kwa mpwa wangu, tulipata faida kubwa kwenye koni ndogo. Tulizipanga kwenye mstari baada ya mita 20 za kujenga mwendo, tukianza na nafasi ya mita 1.80 na kuipanua polepole hadi 2.15, pungufu kidogo ya hatua yake ya kawaida. Akikimbia juu yake analazimika kuinua goti na kuushusha mguu haraka, hapati nafasi ya kuurusha mbele. Wiki ya nne fremu zake za kukaa chini zilishuka kutoka 27 hadi 25.

Nafasi iwe pungufu, usiifanye ndefu. Hapa naongea kama mgonjwa. Nikiwa na miaka 24 niliambiwa hatua zangu ni fupi, nikaamua kuzivuta. Nilikuwa naurusha mguu mbele kama mtu anayeruka dimbwi. Kila ulipotua mbele ya mwili ulinifunga breki, na siku ya tatu msuli wa nyuma ya paja ukaachia kwa mlio nilioudhania ni wa kiatu. Wiki saba. Hatua ndefu ni zao la nguvu ya kusukuma. Huwezi kuianza kwa kunyoosha mguu. Simamisha video pale mguu unapogusa chini, utazame uko mbele ya nyonga kiasi gani. Ukizidi urefu wa kiatu kimoja kwa mbali, una breki.

Kwa yule binti, dawa ilikuwa mteremko, kuupanda. Si mlima: mteremko wa wastani, mita 15 hadi 20, mara sita. Mteremko unamlazimisha mtu kuinama mbele na kusukuma nyuma bila kufundishwa kwa maneno. Akitoka hapo anafanya mita 20 tambarare mara nne, macho chini mpaka hatua ya saba au ya nane, mwili unainuka wenyewe. Kosa lake lilikuwa kusimama wima kwenye hatua ya pili kama aliyeitwa na mwalimu.

Nguvu tunaifanya siku ile ile ya kasi, baada ya kukimbia, ili siku za kupumzika zibaki za kupumzika kweli. Kuchuchumaa na uzito mabegani, kuinua uzito kutoka chini, mara tatu hadi tano kwa mpigo, mzito lakini usioharibu mkao. Kuruka mbele kwa miguu miwili, kisha kwa mguu mmoja. Na zoezi moja ambalo simsamehei mtu: unapiga magoti, mwenzio anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele polepole ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Mara nne au tano zinatosha mwanzoni, na kesho yake utashuka ngazi kama mzee. Linapunguza sana majeraha ya msuli ule ulioniweka benchi wiki saba. Ukihisi huo msuli unavuta katikati ya mbio, acha hapo hapo. Usikimbie "moja ya mwisho".

Juma letu lilikuwa hivi: siku moja ya kumi ya kasi na nguvu, siku mbili nyepesi au za kulala tu, siku moja ya kuondoka na mteremko, mapumziko, kisha siku ya mikimbio ya mita 80 kwa asilimia 90, mitatu au minne, ya kujifunza kubeba mwendo bila kukaza. Kila wiki ya nne tulipunguza nusu, na wiki hiyo ndiyo tuliyopima. Kumpima mtu aliyechoka ni kumvunja moyo bure.

Wiki ya nne mpwa wangu alipata fremu 253. Hakuna kitu, nikamwambia hivyo hivyo. Wiki ya nane 249. Wiki ya kumi na mbili 246, 246, 247, mara tatu mfululizo, uzi kwenye fimbo umening'inia kama umelala. Sekunde 1.025. Mita 30 zake zilibaki 4.17, kama nilivyotarajia, maana hatukuzigusa sana.

Mwezi uliofuata akaenda mashindanoni. Simu ikalia jioni.

"Shikamoo mjomba. 11.74. Ya umeme, na mia yenyewe ni mia."

"Marahaba. Upepo?"

Akacheka. "Nilijua utauliza. 0.3, wa usoni."